Kijiti Mlangoni

Katika mtaa wetu hakuna jambo linalotokea nisilijue mimi wa kwanza. Mtoto akianguka ngazini, mimi. Mtu akihama, mimi. Bwana akirudi kwake kwa mlango wa nyuma, mimi. Basi, hili la masufuria nililijua wa mwisho, na lilitokea ukuta kwa ukuta na kitanda changu. Lakini siku zile nilikuwa na jino, na mtu mwenye jino hasikii kitu ila jino. Yaliyonipita nimeyaokota baadaye kwa waliokuwapo, na aliyekataa kusema nilimsubiri mpaka akakosana na mwenzake. Kwa hiyo usiniulize nimejuaje mtu na mkewe walinong'onezana nini jikoni. Kuta zetu ni za tofali moja.

Walikuja na lori la saruji, mume, mke na binti yao wa darasa la saba, wamekaa juu ya magodoro, weupe kwa vumbi kama maandazi kabla ya kukaangwa. Mume alikuwa fundi funguo. Huko mjini kwao, mji mkubwa, alikuwa na meza yake chini ya ngazi za jengo refu, na watu wa mji ule, Mungu awabariki, walipoteza funguo tangu asubuhi mpaka jioni. Mke alikuwa msusi. Waliishi chumba kimoja, na kodi yake ilipanda kila mwenye nyumba alipomwoza mtoto. Mwenye nyumba alikuwa na watoto wengi.

Binamu yake mke, dereva wa hilo lori, ndiye aliyewatia tamaa. "Dada, kwa kodi ya kile chumba chako, kule kwetu unapata nyumba nzima yenye uani."

Mke si mtu wa kurukia mambo. Akauliza. Maji? Yanatoka. Shule? Ipo, mtoto anakwenda kwa miguu. Hospitali? Ipo, na daktari anakuwamo. Wezi?

"Wezi wa nini, dada? Kule watu hawafungi hata milango."

Akapiga makofi kwa furaha. Mke wa fundi funguo, akapiga makofi kusikia kuna mji ambao watu hawafungi milango! Ndivyo tulivyo binadamu. Tukichoka tunasikia nusu ya neno, na nusu nyingine tunakwenda kuisikilizia huko huko.

* * *

Nyumba waliyopanga ilikuwa ya Mwenyekiti. Sote tunamwita hivyo kwa sababu ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, tangu enzi ambazo nusu ya akina mama hao walikuwa wanabebwa mgongoni. Yeye anakaa nyumba ya mbele, wapangaji nyuma, uani ni pamoja, na pembeni ya uani kuna stoo ya bati anamoweka vitunguu vyake. Vitunguu anavinunua wakati wa mavuno, anavilaza, na bei ikipanda anavitoa kimoja kimoja kama dawa.

"Karibuni, wanangu," aliwaambia, akawapa na beseni la viazi. "Hapa mmefika. Mtakaa mpaka mchoke."

Kesho yake walikwenda sokoni wote watatu. Fundi akatoka wa mwisho, akafunga mlango kwa kufuli kubwa kama ngumi ya bondia, akalivuta mara mbili kuhakikisha. Aliyemwona ni Redio. Redio ni jirani yetu, muuza maji, na hilo jina hakulipata kwa kunyamaza.

"Wameweka kufuli," akatangaza bombani. "Mchana kweupe. Na sisi tupo!"

Sisi kwetu mtu akitoka anachomeka kijiti kwenye pete ya mlango, basi. Kijiti kinasema: mwenyewe hayupo, atarudi. Jirani akitaka kuazima kinu, anachomoa kijiti, anachukua kinu, anarudisha kijiti. Kufuli anaweka mtu anayesafiri mwezi mzima, au nyumba iliyofiwa na isiyo na mrithi. Kuweka kufuli kwa kwenda sokoni ni kusimama katikati ya mtaa ukasema, nyie wote wezi.

Wao hawakujua. Nani angewaambia? Binamu alijua habari za kodi.

Fundi akapanga meza yake karibu na duka kubwa, akatundika ule mti wake wa funguo, funguo mia zinang'aa juani. Watoto walikuja kuzichezesha zilie. Wakubwa walisimama wakasoma kibao, wakatikisa kichwa, wakapita. Mzee mmoja alimuuliza kwa huruma, "Hizi zote umeziokota wapi, mwanangu?"

Mke naye alianza vizuri zaidi, ambayo ni njia mbaya kabisa ya kuanza. Jumamosi Redio alikuja na nywele zake, akakaa katikati ya magoti ya mgeni, na mgeni akamsuka mistari ambayo mji huu haukuwahi kuiona, imejikunja kama njia za mlimani. Uani ulijaa wanawake. Redio alipomaliza kujitazama kwenye kioo akainuka, akakung'uta kanga.

"Ahsante sana, mwenzangu. Na wewe Jumapili njoo, nitakusuka."

Mke akabaki na mkono umenyooka kidogo, kiganja juu. "Dada, na... hela ya kusuka?"

"Hela ya kusuka!" Redio alicheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, njooni msikie! Kwani huko kwenu mnauziana vichwa?"

Wote wakacheka. Yeye naye akacheka, maana angefanyaje, akaukunja ule mkono taratibu kama mtu aliyekuwa anatazama kama mvua inanyesha.

* * *

Sasa ndipo Fundi alipofanya kosa ambalo mtu mwingine asingeweza kulifanya, hata angetaka.

Kabati la ofisi ya maji lilifungwa na ufunguo ukapotea, na ndani kulikuwa na risiti za watu wote. Foleni ilifika barabarani. Karani anajipapasa mifuko ile ile kwa mara ya kumi. Fundi akapita, akasikia, akaingia. Akatoa waya mfukoni. Karani alikuwa anapiga chafya. Alipoanza kuvuta pumzi kabati lilikuwa limefungwa, alipomaliza kujifuta pua lilikuwa wazi.

Foleni nzima ikapiga makofi. Na Fundi, aliyekuwa amekaa wiki nyingi bila mtu kumwona, akavimba. Akageuka, akainua waya wake juu.

"Sikilizeni, ndugu zangu! Bado halijatengenezwa kufuli la kunishinda mimi! Mlango, sanduku, kabati, ghala, nipe dakika moja!"

Alidhani anatangaza biashara. Yale makofi yalikatika kama bomba lililofungwa. Watu wakatazamana.

Kabla jua halijazama, Mwenye duka alikuwa ameuza makufuli yote aliyokuwa nayo, hata yale yenye kutu. Akaagiza mengine. Vijiti vilivyokuwa vinakaa milangoni tangu enzi za bibi zetu vilitupwa jikoni. Mwenyekiti yeye alinunua kitu cha maana zaidi, akakifungisha kwenye mlango wa stoo: kitasa cha kujifunga chenyewe, ukiubamiza mlango tu, tayari. Kilikuwa hakina kishikio cha ndani. Mwenye duka alisema kitakuja na gari lijalo, na ukimjua Mwenye duka unajua hilo gari bado halijazaliwa.

Kwa mara ya kwanza mji wetu ukawa mji wa kufuli. Na Fundi funguo hakupata hata moja la kulifungua, maana nani amwite chui aje alinde mbuzi?

* * *

Kikundi cha akina mama kina masufuria. Makubwa, mtoto anaweza kuoga ndani. Tuliyanunua kwa kuchangishana, miaka, na bila masufuria yale hakuna harusi wala msiba katika mji huu. Utaozwa watu wakiwa na njaa na utazikwa watu wakiwa na njaa. Yanakaa chumba cha kikundi, nyuma ya shule, na ufunguo anao Mwenyekiti.

Alifariki baba mkwe wa karani. Wanawake wakaenda na Mwenyekiti kuchukua masufuria. Kufuli lipo, zima, linaning'inia mahali pake. Mwenyekiti akalifungua. Ndani, patupu. Panya mmoja tu, naye alishangaa.

"Yako wapi..." alianza mmoja.

"Yameibiwa," akasema Mwenyekiti, kabla mwenzake hajafika mwisho wa swali.

"Kufuli zima, chumba kitupu," akasema Redio polepole. Hakuhitaji kuongeza. Wote waligeuza shingo upande mmoja, upande iliko nyumba ya nyuma ya Mwenyekiti.

Hakuna aliyemwita Fundi mwizi. Sisi tuna adabu. Mke alipokwenda kuazima chumvi, iliisha ghafla mtaa mzima. Akiingia nyumba, mwenye nyumba anaanza kuhesabu vijiko kwa macho. Bombani ndoo zilisogea, pakawa na nafasi mbele yake na nyuma yake, kama amevaa harufu. Binti naye, kalamu ikipotea darasani, mkoba wa kwanza kukung'utwa ni wake, na ikishapatikana chini ya dawati la mwenyewe hakuna anayemsaidia kuokota daftari zake.

Mwisho Mwenyekiti akaja uani, mikono nyuma. "Wanangu, mimi sina neno na nyinyi. Ila watu wanasema. Mwezi ukiisha, mnipishe nyumba yangu."

"Mama, twende wapi?" mke akamuuliza. "Kule tumeshauza hata kitanda. Na mtoto ana mtihani wa mwisho."

"Ndiyo hivyo, mwanangu. Dunia ni pana."

Dunia ni pana kwa mwenye nauli.

* * *

Jioni ile mke alikuwa anapepea jiko, Fundi amekaa kwenye kigoda anatazama mikono yake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta, nasukutua maji ya chumvi.

"Nimepata njia," mke akasema. "Utashindwa."

"Nitashindwa nini?"

"Kufungua. Mbele yao. Waite, walete kufuli lao wenyewe, likushinde."

"Mimi?"

"Wewe."

"Mke wangu, wewe unanijua. Mtu hana nguo nyingine duniani, ana mikono yake tu. Unataka nivue nisimame uchi?"

"Hiyo mikono ilipigiwa makofi ofisi ya maji. Imetuletea nini? Hata chumvi siazimwi!" Akapepea mpaka cheche zikaruka. "Watu hawamtaki hodari wasiyemjua, baba. Mjinga wasiyemjua wanamkaribisha, wanampa na kiti. Kuwa mjinga. Mwezi mmoja tu, mtoto amalize mtihani."

Fundi akaigeuza mikono yake, akatazama viganja. Halafu akauliza, sauti ndogo, "Kufuli gani?"

"Wataleta wao."

"Wasilete lile la kichina jembamba, basi. Lile hata ukilikoholea linafunguka."

* * *

Walileta lile lile.

Uani ulijaa, wengine juu ya ukuta. Mwenye duka akalifunga kufuli mbele ya watu, ufunguo akatia mfukoni. Mwenyekiti alikaa kwenye kiti chake cha mikono. Mke akasimama katikati, shingo imenyooka.

"Wazee wangu na mama zangu, mmesema mume wangu anafungua kila kitu. Haya. Kaeni mtazame wenyewe."

Fundi akatoa waya. Akauingiza. Na hapa ndipo ninapomhurumia hata mtu mzima kama yule, maana mikono ya fundi haina akili ya kusema uongo. Alisema baadaye kwamba hakufanya kitu. Aliupeleka waya upande ambao haufai, na kufuli lenyewe, kwa ubovu wake, likaachia. Alilisikia: tk. Akalibana kwa dole gumba lisiruke. Jasho likamtoka la kweli.

"Vipi?" Mwenye duka akainama. "Lete nilione."

Fundi akakohoa. Alikohoa kikohozi cha mzee wa miaka themanini, kirefu, cha kuinamia magoti, na katikati ya kikohozi hicho akalisukuma kufuli likajifunga tena. Akamrudishia Mwenye duka.

"Limenishinda."

Mwenye duka akalivuta. Zima. "Na kabati la ofisi ya maji?"

"Lile..." Fundi akautia waya mfukoni. "Lile halikuwa limefungwa. Nilijisifu tu. Samahanini."

Kicheko kilichopanda pale kilisikika mpaka sokoni. "Fundi gani huyu!" "Mpeni ufunguo, naye atashindwa!" "Jamani, nimenunua makufuli matatu kwa ajili ya huyu!" Binti alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa amefundishwa kulifungua kufuli la aina ile akiwa darasa la pili. Akafunika uso akalia, na watu walipomwona analia wakaamini kabisa. Hakuna shahidi kama mtoto mwenye aibu.

"Mwenyekiti, huyu hata kopo la sukari halimfungukii," wakasema. "Mwache akae."

"Akae," akasema Mwenyekiti. Alisema kwa mdomo tu. Macho yake hayakuwapo.

Watu walipokuwa wanatoka, Redio akasimama getini, ndoo kichwani. "Haya. Sasa kama si yeye, nani alilifungua lile la kikundi bila kulivunja?"

Mwenyekiti alisema tumbo linamkata, akaingia ndani.

* * *

Fundi akapata jina, Limenishinda, na pamoja na jina akapata kazi. Watu walimletea majiko yaliyotoboka, miavuli, ndoo zinazovuja, masufuria ya kuziba. "Limenishinda, baba, hili nalo litakushinda?" wanamtania, na wanamwachia. Mke Jumapili alikwenda kusukwa na Redio, akasukwa vibaya, akashukuru sana. Chumvi ikarudi mtaani. Siku moja alitoka kwenda bombani akaacha kufuli ndani, akachomeka kijiti. Ikawa ndiyo nyumba pekee ya mtaa mzima yenye kijiti, nyumba ya fundi funguo.

Lakini yeye mwenyewe alikonda. Mkewe alikuwa amemfichia waya zake. Akimkosa uani alimkuta nyuma ya mlango, na yale makufuli yake ya zamani, anayafunga na kuyafungua kwa kipande cha kibiriti, upesi upesi, kama mtu anayekula kwa kuiba.

Na Mwenyekiti naye alikonda, kwa sababu swali la Redio halikwisha. Lilikuwa linazunguka mtaani, likipita kila nyumba, kila siku likisogea getini kwake.

Ikatokea harusi upande wa juu wa mji. Wakapikia vijisufuria vya kuazima, hamsini. Watu wote walikwenda. Mwenyekiti alisema presha imepanda, akabaki. Fundi alibaki kuziba ndoo ya mtu, mkewe alikuwa na nguo za kufua, binti alikuwa na vitabu. Jua lilikuwa limekaa juu ya mabati utadhani limepanga.

Upepo ukavuma. Mlango wa stoo ukajibamiza: pa! Halafu kimya. Halafu kugonga, kwa ndani, lakini kugonga kwa adabu, kama mtu anayeogopa kuamsha mgonjwa.

"Mama?" mke akasogea. "Ni wewe humo?"

"Ni mimi, mwanangu. Mlango umejifunga. Usipige kelele."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ninao. Tundu halipo huku ndani. Niitie Mwenye duka. Yeye peke yake! Usiite watu."

Binti akatumwa mbio. Harusi ilikuwa mbali. Walimsikia Mwenyekiti akisogeza vitu vizito, akihema. Fundi akamwambia aupitishe ufunguo chini ya mlango. Saruji ilikuwa imekaa sawa na mbao. Akasema avunje.

"Usivunje! Watasikia!" Kikapita kimya. "Kuna joto, mwanangu." Kimya kirefu zaidi. "Sioni vizuri."

Mke na mume wakatazamana.

"Ukiufungua," mke akanong'ona, "tumekwisha. Walicheka, wakatusamehe. Wakijua uliwachezea hawatacheka tena."

"Nisipoufungua amekwisha yeye."

Ndani kitu kikaanguka. Si chombo. Kitu laini.

Mke akaingia ndani, akatoka na sindano yake ya kusukia, ile ndefu iliyopinda ncha, akaitia mkononi mwa mumewe na kukunja vidole vyake juu yake.

Aliyeuona mlango ukifunguliwa ni mke tu. Anasema hata hakuona.

* * *

Mwenyekiti alikuwa chini, mgongo kwenye gunia, kanga imelowa. Wakamvuta mlangoni kwenye upepo, wakamnywesha maji kwa kikombe. Macho yakarudi. Kitu cha kwanza alichokitazama ni kitasa, kisha sindano.

"Kumbe unaweza," akasema.

Fundi alikuwa anatazama ndani ya stoo. Nyuma ya magunia, gunia moja likiwa limesukumwa kando, yalikaa masufuria ya kikundi, yote, moja juu ya jingine kama watoto waliolala. La juu lilikuwa na tundu kitakoni, unapitisha ngumi.

"Niliyakodisha," Mwenyekiti akasema haraka. "Mara moja tu, watu wa mji wa jirani. Wakaliunguza hilo. Nikasema nitalizibisha kimya kimya nirudishe, msiba ukaingia. Na mziba masufuria wa mji huu..." Akamtazama Fundi. Mziba masufuria wa mji huu sasa alikuwa Fundi, aliyekuwa amepewa mwezi wa kuhama kwa ajili ya masufuria hayo hayo.

Sauti zikasikika barabarani. Mwenye duka, binti, na Redio, na nyuma ya Redio, kama kawaida, nusu ya harusi.

Mwenyekiti akamshika Fundi mkono. Alikuwa na nguvu tena. "Sema mlango ulikuwa wazi. Umesikia? Ukiwa wazi, yeyote angeweza kuyaleta humu. Wewe hujui kitu, mimi sijui kitu. Na nyumba kaeni, mtoto amalize shule, sitaki hata kodi ya mwezi huu!"

"Hodi!" Redio alishaingia. Akaona masufuria. Akaweka mkono kifuani. "Yesu na Maria na malaika. Nani kafungua huu mlango?"

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama chini. Akamtazama binti, aliyekuwa getini anahema, naye akamtazama baba yake kwa macho yale yale ya siku ya kufuli.

"Nimeufungua mimi," akasema Fundi.

"Wewe? Limenishinda?"

"Ulikuwa umefungwa, na mama alikuwa ndani. Nimeufungua." Akainua sindano wote waione. "Na kabati la ofisi ya maji lilikuwa limefungwa. Na lile la Mwenye duka lilifunguka nikalibana kwa kidole. Niliwadanganya."

Hakuna aliyecheka. Mke alisema kweli, hawakucheka. Mwenye duka akarudi hatua moja nyuma, akashika mfuko wake wa funguo.

"Mmemsikia!" Mwenyekiti akajiinua kwa kushika ukuta. "Kwa mdomo wake! Anafungua kila kitu! Ndiye aliyeyachukua, na leo, mmekwenda harusini, ameyabeba kuja kuyaficha kwangu! Nimemfuma nayo humu humu, ndiyo presha ikapanda! Yameingia leo, haya, leo hii!"

Watu wakamgeukia Fundi. Binti akaanza kupenya katikati yao kumfikia baba yake. Redio yeye hakugeuka. Alikuwa ameshainama ndani ya stoo, anayatenganisha masufuria, la kwanza, la pili, na chini, lile kubwa kuliko yote, akaingiza mkono akatoa kitu, akakitoa nje kwenye mwanga.

Kilikuwa kitunguu. Kilikuwa na majani ya kijani marefu kama kiganja, na mizizi yake imeshikana na mizizi ya wenzake, wakatoka watatu, wanne, wameng'ang'aniana, na sufuria lote chini yao limejaa hadi ukingoni, limeota kama bustani.

Redio akakiinua mpaka usawa wa macho ya Mwenyekiti, maganda yanadondoka.

"Yameingia leo," akasema. "Haya, Mama, endelea. Tunakusikiliza."